Haijalegea, Imenizoea

Kama kuna kitu ambacho Pupa hakuwahi kuelewana nacho hapa duniani, ni skrubu ya mwisho. Mpe friji yenye skrubu sita mgongoni: tano atazifunga, ya sita ataitia mfukoni, na bisibisi ameshaitupa kwenye boksi. Friji inafika kwa mwenyewe inatetemeka na kukoroma kama mlevi, mwenyewe anarudi na malalamiko, na Pupa anamuuliza, mkavu kabisa: "Inagandisha, haigandishi?" Inagandisha. "Sasa?"

Jina hilo la Pupa alipewa na dada yake tangu utotoni, kwa sababu alikuwa anakula chakula kikiwa bado jikoni, tena anakilia kwenye mfuniko. Shule aliimaliza kabla yenyewe haijaisha. Dada alipoolewa na fundi wa mafriji, Pupa akafuata pamoja na vyombo, na shemeji mtu, bila maneno mengi, akampa bisibisi, akampa na pa kulala.

Huyo shemeji ni mtu mzima, mpole, ana nywele za mikono mpaka kwenye vidole. Hagombi. Akikasirika anapiga mluzi. Na siku hizo alikuwa anapiga mluzi mpaka ndege wanamjibu, kwa sababu alikuwa amepata kazi ya mbali, ya kufunga chumba cha baridi kwenye hospitali moja, na swali lilikuwa moja tu: karakana amwachie nani? Ama amkabidhi Pupa funguo, ama apige kufuli na wateja waende zao kwingine.

"Nitakwambia jioni tukishakula," alimwambia Pupa asubuhi ile, akitoka kwenda kununua mabomba. "Niache nifikirie."

"Fikiria vizuri, shem."

"Nafikiria skrubu."

Akaondoka. Na kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa mabomba, akasahau saa yake kwenye msumari.

Saa yenyewe ilikuwa ya zamani, ya chuma, uso umeshageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na cheni ya pingili pingili inayometameta. Dada ndiye aliyemnunulia enzi za uchumba. Tangu hapo shemeji haivui ila akiwa kazini, na akiivua ina msumari wake juu ya benchi, na ule msumari kila mtu anaujua: usiguse.

Pupa akagusa.

Alikuwa na sababu. Kulikuwa na friji ya kupeleka ghorofani kwa mama mmoja ambaye Pupa alishamwambia kwenye simu kwamba yeye ndiye fundi mkuu. Sasa fundi mkuu gani anakwenda kwa watu na mkono mtupu kama wa mtoto? Akaivaa. Ikateleza mpaka kwenye vifundo vya vidole, maana ilikuwa imelegea kama soksi ya mwaka juzi. Akaipandisha. Ikashuka. Akaipandisha tena, akasema moyoni, si nusu saa tu.

Walikuwa katikati ya ngazi, mchukuzi juu, Pupa chini, friji ilipoamua kugeuka. Mpini wa mlango wa friji ukaingia kati ya cheni na mkono. Mtu mwingine angesimama, angesema ngoja. Pupa akavuta. Kach! Cheni ikakatika sehemu mbili kwa mpigo. Saa ikaanguka kwenye ngazi na kipande cha cheni cha urefu wa kidole. Kipande kikubwa, pamoja na kifungio chake, kikaruka kama panzi kikapita kwenye uwazi wa ngazi, kikagonga wavu wa mtaro huko chini, kikatulia kidogo kama kinafikiria, kikatumbukia.

Mchukuzi akachungulia. "Fundi mkuu," akasema, "saa yako imeomba ruhusa."

Pupa alilala kifudifudi juu ya ule wavu, akapekua kwa waya, akatoa kijiko, akatoa kichwa cha mwanasesere, cheni hakuna. Saa aliyoishika mkononi ilikuwa bado inatembea, tik, tik, tik, kama inamwambia jioni inakuja. Aseme nini jioni? Kwamba mtu aliyeshindwa kutunza saa kwa nusu siku anataka kuachiwa karakana? Shemeji hata asingejibu. Angepiga mluzi, angetafuta kufuli.

Basi Pupa akakung'uta akiba yake, akaenda kwa Mama Saa.

Mama Saa alikuwa na meza yake sokoni, kati ya mchonga funguo na muuza miwani. Mwanamke mnene, mchangamfu, lenzi ya jicho inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu walisema bei zake zinabadilika lakini mdomo wake haubadiliki. Pupa alimkuta ameinama chini ya meza kama fundi saa aliyepoteza nati, na kumbe kweli, alikuwa amepoteza nati.

"Usikanyage! Inua mguu. Sio huo. Inua huo mwingine." Akabandua kitu kidogo kama punje ya mchanga kwenye soli ya kandambili ya Pupa, akakipuliza. "Haya shuka. Umekuja na bahati mguuni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema shida, na usiniambie unaangalia tu. Wanaoangalia tu wako sinema."

"Natafuta cheni."

Akaweka mezani saa na kile kipande. Mama Saa akatia lenzi jichoni, akaigeuza saa, akaitazama mgongo, akaitazama uso. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Ya nani hii?"

"Yangu."

"Yako! Hii saa ilianza kazi wewe bado hujafikiriwa na mtu." Akashika kile kipande kwenye ncha, akakiweka kwa ubavu hewani, pingili zikiwa zimelazwa upande, sio tumbo juu. "Ona. Cheni nzima ukiishika hivi inanyooka kama rula. Hii je?"

Kipande kikainama kama mkia wa mbwa aliyefokewa.

"Imevutika," akasema Mama Saa.

"Ni kweli, hata mimi nilivutika nayo, ndiyo maana nika..."

"Sio wewe, cheni! Cheni ndiyo imevutika. Wewe unatakiwa kuvutwa masikio." Akasogeza kipande karibu na macho ya Pupa. "Kila pingili ina pini yake ndani. Jasho linaingia, vumbi linaingia, wanakutana humo wanazaa msasa. Mkono ukitikisika, msasa unasaga. Tundu lililokuwa duara linakuwa yai, pini inakonda, na cheni inarefuka bila kuongezwa hata pingili moja. Watu wanasema chuma hakichoki. Chuma kinachoka, hakisemi tu."

Akavuta kopo la biskuti, akalifungua. Lilikuwa limejaa cheni kuukuu, zimesokotana kama nyoka wa bati. Akachambua, akatoa moja, akaifuta kwa kanga yake kwa mapenzi.

"Hii inaingia kwenye saa yako bila ugomvi. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuweka kabatini. Ishike kwa ubavu."

Pupa akaishika. Ikanyooka, haikushuka hata kidogo.

"Tazama katikati ya pingili. Mwanga unapita?"

"Haupiti."

"Pitisha kidole ukingoni. Pembe zipo? Basi hakuna mjinga aliyeisugua mpaka ikaisha ili ing'ae. Haya, funga kifungio."

Pupa akafunga. Tak!

"Umesikia? Hiyo sauti ndiyo unayonunua. Kikisema tak, toa hela. Kikisema chwii, toka mbio."

Pupa akaitazama ile cheni. Nzuri, hakuna ubishi. Nzuri mno. Akawaza mkono wa shemeji, namna saa inavyoteleza hadi kwenye mfupa wa kifundo kila akinyanyua bilauri, namna anavyoisukuma juu kwa kidevu mikono ikiwa na mchuzi. Hii isingeteleza. Angeivaa mara moja tu, angejua.

"Hii siitaki, mama."

"Kwa nini?"

"Imekaza mno. Nataka iliyolegea."

Mashine ya mchonga funguo ikazima. Muuza miwani akavua miwani.

"Hebu rudia," akasema Mama Saa, "wenzangu wasikie."

"Nataka iliyolegea. Kama hiki kipande. Isizidi, isipungue."

"Yesu na Mtume!" Mama Saa akajishika kiuno. "Mezani hapa wamekuja watu wakanidanganya, wengine wamenililia, mmoja alinichumbia. Lakini mtu wa kuja kudai ubovu, tena wa kipimo? Mwanangu, wewe ni wa kwanza. Umemharibia nani?"

Pupa akatazama kandambili zake. "Shemeji."

"Mume wa dada?"

"Ndiyo."

Mama Saa akaichukua ile saa tena, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya zamani. "Huyo shemeji ana nywele mikononi?"

"Kama zulia."

"Maskini," akasema Mama Saa, na machozi ya kicheko yakamtoka. "Maskini wa Mungu!" Pupa akamuuliza ni nini. Alimsukumia kopo tu. "Haya, mtafuta ubovu, tafuta. Kigoda hicho."

Ndipo likatokea jambo ambalo kama dada yake angeliona angeita majirani. Pupa akaketi. Pupa ambaye maji yakichelewa kuchemka anayanywa vuguvugu, akaketi kwenye kigoda, akatoa cheni moja, akaishika kwa ubavu mkono wa kushoto, kipande chake mkono wa kulia, akavilinganisha kwenye mwanga. Hii imeinama mpaka inasalimia watu, weka pembeni. Hii imeinama kidogo mno. Hii inainama sawa, lakini upande mmoja tu, upande wa pili mgumu, maana yake imeungwaungwa kutoka cheni mbili. Hii mwanga unapita kama kwenye ukuta wa makuti. Mwanzoni aliona vyuma vinavyofanana. Baadaye akaanza kuona tabia za watu: huyu alivaa saa ikiwa imebana, huyu aliivaa inacheza kama bangili, huyu alikuwa anaegemea meza kutwa, ona ubavu ulivyolika.

"Umelala?" Mama Saa akamchokoza.

"Subiri kidogo."

"Unaitwa nani wewe?"

"Pupa. Dada ndiye aliyenipa."

"Alikosea nyumba."

Akafika kwenye cheni moja nyeusi nyeusi, ndugu kabisa na kile kipande, pingili zilezile, michoro ileile. Akaishika kwa ubavu. Ikanyooka. Akaguna, akaitupa pembeni.

"Hiyo umeitupia nini?"

"Imenyooka."

"Imenyooka, au imeganda?" Mama Saa akaiokota, akaikunja taratibu karibu na sikio la Pupa. Ikalia krr, krr, kama mtu anayetafuna mchanga. Akaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni, akachukua mswaki, akaisugua pingili moja moja. Ukatoka uji mweusi wa kutisha. Akasuuza, akaikausha. "Haya, ishike sasa."

Cheni ikainama. Pupa akaleta kipande chake karibu. Migongo miwili, upinde mmoja.

"Uchafu ndio uliokuwa umeishikilia," Mama Saa akasema. "Wapo wanaoziuza hivyohivyo. Mteja anaipenda leo, kesho anaiosha, keshokutwa ananitukana. Na watu pia wapo wa hivyo. Usimsifu mtu amenyooka kabla hujamwosha."

"Hii! Hii hii, mama!"

"Nikikutazama kama mteja, nakwambia usinunue. Nikikutazama kama mharibifu wa mali za watu, hongera." Akaziweka mbili mezani, nzuri na mbovu. "Bei ni moja. Nakuuliza mbele ya mashahidi."

"Chukua nzuri, kijana!" muuza miwani akasema.

"Chukua nzuri," mchonga funguo akaitikia, "hata kama umelogwa."

"Nipe mbovu."

Mama Saa akaifunga kwenye saa, akapunguza pingili mpaka ikawa inafika kwenye mfupa ambao Pupa alimwonyesha. Kifungio kikasema chwii. "Ukirudi kubadilisha nitakuwepo," akamwambia.

"Sirudi."

"Mm," akasema Mama Saa.

Shemeji aliporudi na mabomba yake, saa ilikuwa kwenye msumari wake inamngoja kama malaika. Akaivaa bila kuitazama, wakaenda nyumbani. Mezani Pupa hakula. Alikuwa anakula kwa macho ule mkono wa shemeji. Mkono ukanyanyuka kuchukua chumvi, saa ikateleza ikatua kwenye mfupa. Palepale! Pupa akashusha pumzi, akajipakulia.

Shemeji akanyoosha mkono kuchukua maji.

"Aaa!"

"Nini tena?" dada akauliza kutoka jikoni.

"Hakuna kitu, mke wangu. Maji."

"Maji yamekuuma?"

Shemeji akageuza mkono wake polepole kwenye taa. Kati ya pingili mbili za cheni kulikuwa na unywele, umeng'oka na mzizi wake. Akautoa kwa vidole viwili, akautazama. Halafu akaisogeza saa pembeni, na Pupa akaona kitu ambacho muda wote aliokaa na mtu huyu hakuwahi kukiona: kwenye lile pori la nywele, juu ya mfupa, palikuwa na kiwanja. Kiduara cheupe, laini, hakina hata nyasi.

"Shemeji," akasema shemeji kwa sauti ya chini sana, "unakiona hiki kiwanja?"

"Nakiona, shem."

"Cheni yangu imekitengeneza. Pingili ikilegea inafunguka mdomo, ikijifunga inaondoka na unywele. Ilikuwa inaning'oa hapa, hapa tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka nywele zenyewe zikakata tamaa ya kuota, na mimi nikapata amani. Leo," akasogeza kidole, "inaning'oa hapa. Imefungua shamba jipya. Cheni yangu iko wapi?"

Pupa akakodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Angeweza kudanganya, lakini unywele ulikuwa mezani. "Kwenye mtaro," akasema. Akaeleza yote kwa kunong'ona: fundi mkuu, ngazi, mpini, panzi, wavu, kijiko.

Shemeji akaanza kupiga mluzi. Taratibu. Pupa akajua kufuli limeshapatikana.

"Na hii umeitoa wapi?"

"Kwa Mama Saa. Nilitaka usijue, shem. Nilikaa kule mpaka nikapata iliyolegea sawasawa na yako."

Mluzi ukakatika. "Iliyolegea ulikuwa unaitafuta?"

"Ndiyo."

"Zilizokaza hazikuwepo?"

"Ilikuwepo moja. Imenyooka kama rula. Inasema tak. Bei ileile. Nikaikataa."

Uso wa shemeji ukawa kama wa mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Akashika meza. "Uliikataa," akanong'ona. "Shemeji, mimi tangu enzi za uchumba namwomba Mungu hii cheni ikatike. Siwezi kuikata mwenyewe, dada yako ameinunua kwa jasho lake. Siwezi kusema, nitamvunja moyo. Leo Mungu amesikia, ameikata, tena ameitupa mtaroni isionekane, na wewe umekwenda kuninunulia nyingine ya kuning'oa nywele? Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimeisha mkononi. Zako ziko wapi?"

"Kwa hiyo imelegea?"

Wote wawili wakageuka. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mfuniko wa sufuria mkononi.

"Haijalegea, mke wangu," shemeji akasema haraka. "Ime... imenizoea."

"Imekuzoea."

"Kabisa."

"Mpaka inakung'oa nywele kwa mazoea." Dada akaja, akamshika mkono, akatazama kile kiwanja, akakipapasa kwa kidole gumba. "Mume wangu, unafikiri mimi nalala na mkono wa nani? Hiki kiwanja nakijua kabla hakijawa kiwanja. Nikasema, acha nimtazame huyu bwana, atavumilia mpaka lini? Nikadhani mwaka. Kumbe ungezikwa nayo!"

"Ulijua?" Shemeji akabaki mdomo wazi. "Ulijua ukaniacha niumie?"

"Ulinyamaza ukaniacha niumbuke?"

Wakatazamana. Halafu dada akapasuka kwa kicheko, mfuniko ukaanguka, ukazunguka sakafuni ukiimba, na shemeji akacheka naye mpaka akashikilia mbavu. Pupa akacheka kidogo pia, kwa tahadhari.

"Wewe usicheke," wakamwambia kwa pamoja.

Akajaza tonge mdomoni.

Shemeji akajifuta macho, akarudi kuwa mkubwa. "Umevaa kitu cha mtu bila ruhusa, na umejiita fundi mkuu. Hilo ni kosa, na kuchekesha kwako hakulifuti. Mama wa ghorofani utamrudia mwenyewe, utamwambia wewe ni nani."

"Sawa, shem."

"Sasa niambie. Ulijuaje kwamba hii inalingana na yangu? Nilivyoivaa sikuhisi tofauti mpaka iliponiuma."

Pupa akatoa kile kipande mfukoni. Akaomba saa, akaifungua, akashika vyote viwili kwa ubavu mbele ya taa. Migongo miwili, upinde mmoja. Akaeleza kuhusu mwanga unaopita, tundu linalogeuka yai, uchafu unaoigiza uzima. Alieleza taratibu, bila kurukia mwisho. Dada akamtazama kama anatazama mtu mwingine aliyevaa nguo za mdogo wake.

"Kopo zima ulilipitia?" shemeji akauliza.

"Zima."

"Cheni moja moja?"

"Moja moja."

"Mtu wa skrubu tano." Shemeji akapapasa mfukoni, Pupa akasikia chuma kikilia, hakujua kama ni kufuli au funguo. Zilikuwa funguo. Akaziweka mezani katikati, kiganja bado juu yake. "Kumbe macho unayo. Ulikuwa unanifanyia uvivu tu. Karakana haifungwi, utabaki nayo wewe. Lakini nikirudi nikute friji moja inakoroma, moja tu, utalala ndani yake."

"Hakuna itakayokoroma, shem. Naapa."

"Usiape. Kula, chakula kinapoa."

Asubuhi wakaenda sokoni watatu, kwa sababu dada alisema safari hii anachagua mwenyewe. Mama Saa alipowaona akafungua droo, akatoa cheni nzuri ikiwa imeshafungwa kwenye karatasi.

"Mmechelewa," akasema. Kisha akamtazama dada. "Hujambo, binti? Umenenepa."

Dada akamnyooshea kidole. "Ni wewe! Wewe ndiye uliyeniuzia iliyolegea!"

"Mimi?" Mama Saa akaweka mkono kifuani. "Nilikwambia, ishike kwa ubavu, binti yangu. Nilikwambia tazama na hii nyingine. Ulinijibuje? 'Nipe hiyohiyo, mama, nina haraka, mchumba ananingoja.' Ukaondoka hata chenji hujachukua."

Mchonga funguo akazima mashine. Shemeji akatazama juu, akaanza kupiga mluzi, lakini huu ulikuwa wa furaha.

"Kumbe," Pupa akasema polepole, akionja kila neno, "jina langu ni la ukoo."

"Nyamaza wewe."

"Haya, dada Pupa."

Dada aliishika ile cheni kwa ubavu muda mrefu kuliko haja, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Ikasema tak. Shemeji akaivaa, akatikisa mkono juu, chini, pembeni, kama mtu aliyefunguliwa pingu kwa kuvalishwa nyingine. Haikuteleza. Akasafiri siku hiyohiyo.

Wiki chache baadaye simu ilikuja Pupa akiwa karakana peke yake, mgongo wa friji mbele yake, bisibisi imeshatupwa kwenye boksi.

"Shem," ikasema sauti ya shemeji, "kiwanja kimeota."

"Hongera!"

"Hongera ya nini? Vinawasha! Vinywele vimeota vifupi, vigumu kama brashi. Usiku kucha najikuna. Ile mbovu bado unayo?"

"Iko kwenye msumari."

"Iache hapohapo. Hapana, itupe. Hapana, iache." Akavuta pumzi. "Friji zinaendaje?"

"Vizuri, shem."

"Umefunga skrubu zote?"

Pupa akatazama mgongo wa friji. Akajipapasa mfukoni.

"Zote," akajibu.

Akakata simu, akaokota bisibisi, akaifunga ya sita.